Impreza moja, wiki nzima barabarani wikiendi vumbini: niweke breki pedi gani?

Chalii_wa_Sakina

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada wenu kabla sijatoa hela. Nina Subaru Impreza GDA ya 2004, ile ya tabo (turbo), kalipa, yaani vile vibanio vya pedi, za mbele pistoni nne za nyuma mbili, na ndo gari yangu ya kila kitu. Asubuhi naenda nayo kazini kutoka Sakina mpaka Njiro, mara kwa mara nashuka nayo Moshi, Desemba inapanda Marangu imejaa watu na mizigo kama mnavyojua wenyewe. Ila wikiendi mojamoja tuna washkaji tunakimbiza otokrosi kwenye kiwanja cha vumbi huku nje ya Kisongo, siyo mashindano ya maana, koni na saa ya simu basi, na sasa hivi wameanza stori za kuvuka Namanga siku moja twende tukajaribu uwanja wa mbio wa lami kwa majirani Kenya.

Shida ni breki. Raundi za mwanzo ziko poa kabisa, baadae zinaanza kuleta ujinga. Halafu juzikati nateremka kutoka Marangu kuja Himo hali ikawa ile ile, kanyaga ya kwanza haina kitu, ya pili ndo inashika, wife pembeni kanyamaza kimya hata redio kazima, nikajua leo kuna kikao nyumbani. Pedi zilizopo nilizikuta na gari, sijui hata ni za wapi. Nimesoma huku na huku nimechanganyikiwa, mara oganiki mara semi-metaliki mara seramiki, kila mtu anasifia yake.

Sasa kuna jamaa ananiuzia seti ya pedi za resi zenyewe, zilitolewa kwenye gari la rali, bado nene, bei ya kishkaji. Anasema nikifunga hizo habari ya breki nimeisahau. Nichukue? Nawasilisha.

Bokseri_Moja

Chukua leo leo mkuu kabla hajabadili mawazo. Pedi ya resi ndo pedi, hizo nyingine ni za kupeleka watoto shule. Umeshasema gari ina tabo, gari yenye mbio inataka breki za mbio, hakuna hesabu hapo

Mangi_wa_Rau

Bokseri acha kumpoteza mwenzio bana.

Chalii, mimi nina Altezza, na niliwahi kupewa lifti kwenye gari ya mshkaji yenye pedi za resi kamili, asubuhi ya Julai, unaijua baridi ya Arusha Julai. Tumetoka geti la kwake, tumefika kwenye tuta la kwanza jamaa anakanyaga gari inaenda tu, siyo kwamba haisimami kabisa ila mguu unatumia nguvu ya ajabu. Zile pedi zimetengenezwa zifanye kazi diski ikiwa imepata moto sana, kwenye ubaridi msuguano wake ni mdogo. Na wewe barabara ya Sakina hiyo bodaboda anakatiza mbele yako saa moja asubuhi hujafika hata kilomita moja, atakusubiri pedi zipate moto? Pili zinapiga kelele mpaka watu wanageuka kuangalia kama daladala limekuja. Tatu zinakula diski zikiwa za baridi, na vumbi lake likikauka kwenye rimu ukachelewa kuosha rangi inakufa.

Kama ni gari ya kubebwa na lori mpaka kiwanjani inashuka inakimbia inapanda tena, chukua. Ya kwako usichukue.

Bokseri_Moja

Sasa mbona wazungu wanaendesha nazo barabarani, video ziko kibao

Mangi_wa_Rau

Wanaendesha za kati, zinazoitwa za barabarani na uwanjani, siyo hizo za rali. Tofauti kubwa sana hapo.

Mzee_Spana

Vijana mnajibizana pedi wakati mgonjwa hajapimwa. Chalii nijibu kitu kimoja kwanza. Hiyo siku ya Marangu, na kule vumbini, breki zikikataa pedeli inakuwaje? Inazama chini laini kama unakanyaga sifongo, au inabaki juu ngumu kama kawaida ila gari haipunguzi? Na ukiacha gari ipoe, kesho yake iko vipi? Mafuta ya breki mara ya mwisho yalibadilishwa lini?

Chalii_wa_Sakina

Shikamoo mzee. Inazama laini. Nikipampu mara mbili inapanda inashika. Kesho yake iko poa kabisa, ndo maana hata fundi nilipompelekea alizunguka nayo mtaani akasema haoni shida. Mafuta ya breki sijui yaliwekwa lini, gari nimeinunua mwaka jana kwa mtu, kibuyu kimejaa vizuri ila rangi yake ni kahawia kahawia hivi.

Mzee_Spana

Marahaba. Basi hapo ugonjwa wako wa kwanza siyo pedi.

Breki inakufa kwa joto kwa njia mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni pedi yenyewe kuzidiwa moto, gundi iliyoshika yale madini ndani ya pedi inaanza kutoa gesi, msuguano unaanguka. Hapo pedeli inakuwa juu, ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote gari inateleza tu, na kwa kawaida utasikia harufu kali. Ya pili ni mafuta kuchemka. Moto unapita kwenye pedi, unaingia kwenye pistoni, unafika kwenye mafuta ndani ya kalipa, yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Mguu wako badala ya kusukuma pistoni unabonyeza mapovu, ndo pedeli inazama. Ukipampu unaongeza mafuta kidogo inashika. Gari ikipoa mvuke unarudi kuwa maji, kesho fundi anaijaribu anaona uko na wasiwasi wako tu. Hicho ndicho ulichoeleza neno kwa neno.

Sasa kwa nini yachemke? Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yanavuta unyevu kutoka hewani, kupitia mipira na kile kifuniko, polepole miaka inavyoenda. DOT 4 ikiwa mpya kiwango chake cha chini ni kuchemka nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka nyuzi 155. DOT 3 mpya ni 205, yenye maji ni 140. Kwa hiyo wewe na hiyo kahawia yako unaendesha na akiba ndogo sana, ukifunga pedi ya resi juu yake ndo kabisa, maana ile pedi inavumilia moto mkubwa kuliko ya kawaida, wewe utaongeza spidi kwa kuiamini, moto utazidi kushuka kwenye mafuta yale yale mabovu. Pedi itakuwa nzima na breki huna.

Toa mafuta yote, siyo kujazia juu. Weka DOT 4 mpya ya chupa iliyofungwa, chupa iliyokaa wazi kwenye kabati la gereji tangu mwaka juzi usikubali hata kama ni ya bure. Ukitaka zaidi kuna DOT 5.1, mpya ni nyuzi 260, hiyo inachanganyikana na DOT 4. Ila DOT 5 bila hiyo pointi moja ni silikoni, usiweke kabisa wala usichanganye. Na wakati wa kutoa upepo waambie watoe kwenye kalipa zote nne mpaka yatoke masafi, kalipa za pistoni nne za Subaru zina sehemu mbili za kutolea upepo kila moja, ya ndani na ya nje, mafundi wengi wanafungua ya nje wanaondoka.

Na kabla ya yote, gari ikiwa ya baridi iwashe, kanyaga breki ushikilie kwa nguvu ya kawaida. Kama pedeli inazama taratibu yenyewe na hakuna panapovuja, hiyo ni masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, na usipande nayo kokote.

Ticha_wa_Pasua

Mzee Spana heshima yako. Naomba niongeze hesabu kidogo maana watu wanadhani kushuka mlima ni kitu kidogo kuliko resi.

Gari likishuka, nguvu yote ya urefu lazima iende mahali, na breki kazi yake ni kuigeuza kuwa joto. Nimepiga hesabu hapa, kushuka wima kama mita 40 ni joto sawa na kusimamisha gari lile lile kutoka spidi 100 mpaka sifuri. Uzito unajifuta kwenye hesabu, iwe Vitz iwe Fuso ni mita 40 zile zile, ila Fuso joto lenyewe ni kubwa zaidi bila shaka. Sasa geti la Marangu liko juu ya mita 1,800, Moshi mjini uko chini ya 1,000. Tofauti ni zaidi ya mita 800. Maana yake ukiteremka kutoka getini umebeba joto la kusimama kutoka spidi 100 kama mara 20. Upepo, matairi na injini vinakula sehemu yake, lakini ukiweka gia huru ili kubana mafuta, kama wengi wanavyofanya mteremko ule, na ukaenda umeegemea pedeli mwanzo mwisho, karibu yote inaenda kwenye diski na hakuna nafasi ya kupoa.

Na kwa wale wa mbio, joto linakwenda kwa mraba wa spidi. Kusimama kutoka 100 ni mara nne ya kusimama kutoka 50, siyo mara mbili.

Mangi_wa_Rau

Ticha umenirudisha fomu tuu bila ridhaa yangu 😂 ila point. Wazee wa malori walishasema, gia uliyopandia ndo ushukie.

Chalii_wa_Sakina

Aisee. Ticha gia huru ni mimi huyo. Basi mzee naenda kubadilisha mafuta wiki hii. Lakini pedi bado nataka kubadili, hizi zimebaki nyembamba kidogo, kama milimita nne hivi, na bado kuna otokrosi na hiyo safari ya lami. Niende na kitu gani sasa?

Nasieku_navigeta

Naingilia hapo maana mimi nakaa kiti cha kushoto na makaratasi ya rali mapajani, gari ninazokaa karibu zote ni za vumbini.

Chalii kwenye vumbi breki zako hazipati moto kama unavyofikiri. Tairi kwenye changarawe haina mshiko, huwezi kuibana breki sana kabla haijateleza, kwa hiyo kila ukikanyaga unatumia nguvu ndogo kuliko lami. Na otokrosi ya koni spidi yenyewe ni ndogo, unakimbia dakika moja unapanga foleni. Kama mafuta yako yalikuwa yanachemka kule maana yake yalikuwa yamechoka sana, au mguu wako wa kushoto unakaa juu ya pedeli bila wewe kujua, angalia na hilo. Pedi unayoihitaji vumbini ni ile inayouma vizuri ikiwa ya baridi na ambayo ukiiongeza mguu kidogo inaongeza kidogo, siyo inakaa kimya halafu inafunga gurudumu ghafla. Pedi kali sana kwenye changarawe ni adui, kila kona umefunga matairi unaenda moja kwa moja kwenye michongoma.

Kinachoua breki vumbini ni mchanga. Unaingia kati ya pedi na diski unazisaga zote mbili, unaingia kwenye vifuniko vya mpira vya pistoni, unakausha zile pini zinazoshikilia pedi. Baada ya kila siku ya vumbi toa magurudumu, osha na maji, piga brashi, hakikisha pedi inacheza kwenye nafasi yake. Pedi iliyonasa inabaki imegusa diski safari nzima, hiyo inachemsha mafuta hata barabara ya tambarare, chukua mkono pitisha karibu na rimu ukifika nyumbani, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake umeshampata mchawi. Ila ngoja ipoe kwanza ndo uoshe. Watu wanatoka kukimbia wanaingia kaoshi wanamwagia diski maji ya baridi ikiwa bado inawaka, hapo unaomba nyufa.

Na vumbi la breki msipulize kwa kompresa mkiwa mmeinama hapo hapo, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na huwezi kujua ulichofungiwa. Lowesha.

Bokseri_Moja

Dada mbona umesahau pedi za nyuma, otokrosi ni hendibreki. Nyuma weka pedi kali kuliko mbele ili ukivuta inageuka yenyewe. Na ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, toa fyuzi, vumbini haifai

Nasieku_navigeta

Kaka Bokseri hendibreki ya GDA haigusi pedi kabisa. Ndani ya diski ya nyuma kuna dramu ndogo na breki shuu zake, kebo inavuta hizo. Unaweza kuweka pedi ya dhahabu nyuma, hendibreki haitajua. Akitaka ishike akaze na kubadili hizo shuu. Na gari linasukumwa na magurudumu yote manne, difu ya katikati inaunganisha mbele na nyuma, kwa hiyo hata ukivuta nyuma mbele inasukuma, usitegemee ikae kama Altezza ya Mangi inayosukumwa na nyuma tu.

Ukiweka nyuma kali kuliko mbele halafu ukaenda nayo lami siku ya mvua, ukikanyaga kwa dharura nyuma inafunga kwanza, gari inageuka inaangalia ulikotoka. Pedi za mbele na nyuma kaa kwenye daraja moja, au mbele kali kidogo.

Fyuzi ya ABS nakubaliana nawe nusu. Kwenye changarawe laini ABS inaongeza umbali wa kusimama, maana gurudumu likifunga linakusanya kifusi mbele yake kinachosaidia kusimama, ABS inakizuia kifusi kisikusanyike. Ila rudisha fyuzi kabla hujatoka getini kurudi mjini, na baadhi ya gari ukitoa hiyo fyuzi unapoteza na ule mgawanyo wa breki za mbele na nyuma.

Mzee_Spana

Binti kamaliza habari ya vumbi. Nije kwenye swali la pedi.

Oganiki ni laini, kimya, haili diski, inauma mapema ikiwa ya baridi, lakini moto ukizidi inachoka haraka kuliko wenzake. Seramiki nazo kimya, vumbi kidogo, zinadumu, nzuri kwa mtu wa mjini, ila hizi seramiki za barabarani msichanganye na diski za kaboni seramiki za magari ya bei mbaya, ni vitu viwili tofauti, na siyo kwamba zikiitwa seramiki basi ni za resi. Semi-metaliki ina chuma ndani yake, inavumilia moto zaidi na inatoa moto kwenye diski, kelele kidogo, vumbi zaidi, diski inaliwa kidogo zaidi. Kwa matumizi yako, mjini, Marangu, vumbi la wikiendi, semi-metaliki nzuri ya barabarani kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inakutosha. Akebono wanatengeneza vitu vya kiwandani vya Kijapani, hao kwa matumizi ya kila siku sina neno nao. Ukitaka kupanda ngazi moja, kuna Ferodo DS2500, EBC Yellowstuff, na Wajapani Endless na Project Mu wana za daraja hilo la kati, zinashika zikiwa za baridi na zinavumilia kukimbizwa. Bei yake utashtuka, na hapa Arusha na Moshi mara nyingi ni kuagiza.

Ukiwa dukani geuza pedi uangalie ubavuni au mgongoni, kuna mlolongo wa herufi na namba, mwishoni kabisa herufi mbili kama FF, EF, GG. Hiyo ni alama ya msuguano ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Ya kwanza ni msuguano wa joto la kawaida, ya pili wa moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukiona FE maana yake ikipata moto inashuka, FF inabaki daraja lile lile. Haikwambii pedi itadumu muda gani wala itavumilia mpaka nyuzi ngapi, lakini inakutoa kwenye kununua kwa rangi ya boksi. Pedi haina herufi, haina namba, haina jina, ina rangi nyekundu tu ya kupendeza, hiyo mwachie mwenye duka.

Mangi_wa_Rau

Mzee na feki je? Maana siku hizi hata herufi wanachapa.

Mzee_Spana

Wanachapa ndiyo. Angalia bamba la nyuma, feki nyingi limekatwa vibaya lina ncha kali, ile nyenzo yenyewe ina mapengo pembeni au inameguka ukiikwaruza na kucha, maandishi ya boksi hayafanani na ya pedi. Nunua kwa mtu anayekubali urudishe kama haijafungwa. Na nenda na pedi yako ya zamani mkononi, GDA kuna za pistoni mbili na za pistoni nne mbele, umbo ni tofauti kabisa, muuzaji atakwambia Impreza ni Impreza.

Chalii_wa_Sakina

Hii ya herufi nimeangalia zangu sasa hivi na tochi ya simu, hakuna chochote, kutu tu.

Na hiyo safari ya lami je? Mangi amesema za kati, zitatosha kwa siku nzima ya uwanjani?

Mangi_wa_Rau

Inategemea spidi yako chalii. Siku yako ya kwanza, raundi nne tano halafu unaingia kupumzika, za kati na mafuta mapya zinatosha. Raundi ya mwisho zunguka polepole bila kugusa breki zipoe, ukisimama usivute hendibreki weka gia na jiwe, maana diski ikiwa imewaka na shuu zimebana hapo ndani zinaungua. Mafuta ndo weka ya maana siku hiyo, kuna kama Motul RBF 600 yenyewe mpya inachemka nyuzi 312, ila haya ya resi yanatakiwa kubadilishwa mara kwa mara kuliko ya kawaida.

Ukija kunogewa, unakuwa na seti mbili. Za barabarani unaendea, unafika unafunga za uwanjani, jioni unarudisha. Kalipa zako zile za pistoni nne ni rahisi kweli, unachomoa pini mbili na kile kibati cha springi pedi inatoka kwa juu, kalipa hata haifunguliwi. Ila pedi za kompaundi (mchanganyiko wa nyenzo) tofauti kwenye diski moja zinagombana kidogo, kila ukibadili inabidi ziizoee diski upya. Wengine wana na diski zake kabisa.

Na usiende uwanjani na pedi za milimita nne. Pedi nene ni kinga, inazuia moto usifike kwenye pistoni. Chini ya nusu ya unene usiingie nayo lami.

Bokseri_Moja

Hapo kwenye kuzoea diski, wengi wanafunga wanaondoka. Mimi naomba maelezo kwa kweli

Mzee_Spana

Hapo Bokseri umeuliza swali zuri.

Pedi mpya inatakiwa kupaka tabaka jembamba la nyenzo yake juu ya diski, sawasawa pande zote, ndo msuguano unakaa vizuri. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Kwa Arusha alfajiri toka Kisongo kwenda njia ya Makuyuni, ukishavuka makazi pananyooka, ila angalia ng'ombe maana wanaamka mapema kuliko wewe. Nenda 80, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka kama 20, usisimame kabisa, achia, panda tena 80. Rudia mara nane mpaka kumi. Utasikia harufu, ni kawaida. Halafu endesha dakika kumi au zaidi bila kugusa breki kadiri unavyoweza, zipoe. Kosa kubwa ni kusimama kabisa na kushikilia pedeli wakati diski ni ya moto, pedi inaacha muhuri wake hapo ilipobana, na baadae usukani unatetemeka watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ina tabaka nene sehemu moja. Kila mtengenezaji ana maelekezo yake kwenye boksi, yakitofautiana na yangu fuata ya boksi.

Diski pia pima. Unene wa chini umechapwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo usikubali ikachongwe, nunua.

Ticha_wa_Pasua

Swali kwa mzee, kule kushuka ukiwa na gari ya otomatiki unafanyaje? Maana wengi wetu ndo tunaendesha hizo.

Mzee_Spana

Shusha gia mapema kabla mteremko haujakuzidi, weka 2 au L, kama ina M tumia hiyo. Injini italia, mwache alie. Breki kanyaga kwa uhakika punguza spidi, halafu achia kabisa zipumue, usiegemee mguu kilomita nzima. Ukisikia pedeli imeanza kulegea tafuta pa kusimama pembeni upumzike, nunua ndizi.

Chalii_wa_Sakina

Mrejesho wakuu. Nimetoa mafuta yote leo, yale ya zamani yalivyotoka kwenye kalipa za mbele ni meusi kama chai ya rangi, fundi mwenyewe akaguna. Zile sehemu za ndani za kutolea upepo nilimwonesha mimi, alikuwa ameshakunja mpira anaondoka. Tumeweka DOT 4 mpya. Masta silinda nimeijaribu kama mzee alivyosema, haizami. Na kalipa ya mbele kushoto pedi ya ndani ilikuwa imenasa kweli kwa kutu na udongo, ilibidi igongwe kutoka.

Pedi nimeagiza za daraja la kati, FF, mbele na nyuma, kwa sababu zile nilizokuwa nazo za nyuma nazo zimeliwa upande mmoja. Za resi nimemwambia jamaa asante. Lami ya Kenya tutaona, kwanza nizizoee hizi.

Wife amesema yeye atajaribu Marangu akiwa amekaa kwenye Coaster.

Mangi_wa_Rau

😂😂 mpe muda

Nasieku_navigeta

Hiyo iliyonasa ndo ilikuwa inakuchemshia mafuta kushoto, angalia na diski ya upande huo kama haina rangi ya bluu.

Chalii_wa_Sakina

Ina bluu kidogo dada, ndani ndani.

Nasieku_navigeta

Bluu ni alama kwamba iliwaka sana. Kidole kipitishe uso wote utafute nyufa, zile ndogo kama nywele zisizofika ukingoni zinavumilika, ufa unaofika ukingo wa nje hiyo diski ni ya kutupa, na ukibadili badili zote mbili za mbele siyo moja.

Forester_ya_Mama

Samahani naingia nje ya mada kidogo, nina Forester SG5, hizo pedi za mbele za GDA zinaingia kwangu? Niko Kiboriloni na mimi kila siku ni kupanda na kushuka

Mzee_Spana

Inategemea kalipa uliyonayo mama yangu, hata SG5 zenyewe hazifanani. Nenda na ile ya zamani mkononi uilinganishe juu ya kaunta, masikio, unene na umbo la bamba, usinunue kwa jina la gari. Na mafuta ya breki ya kwako yana rangi gani?

Forester_ya_Mama

Ngoja nikaangalie